Muulize Afande Mstaafu: Pingu zilizomtoka mtoto mikononi

Shule zimefunguliwa na barua nazo zimefunguka. Mhariri amenipa bahasha nzima akasema, "Afande, hizi zote ni za polisi na wanafunzi, utajua mwenyewe." Nimechagua sita. Zilizobaki tatu ni za watu wanaotaka niwatafutie nafasi za kujiunga na Jeshi la Polisi. Hao naomba wasubiri tangazo kama sisi tulivyosubiri letu.

Kwa msomaji mgeni: nilivaa gwanda miaka 31. Nilianza depo Moshi, nikapita kaunta, nikapita Dawati la Jinsia na Watoto, nikamalizia polisi kata upande wa kusini wa Dar es Salaam, kwenye kata yenye shule za msingi nne, sekondari mbili, na madrasa ambazo sikuwahi kuzimaliza kuzihesabu. Watoto waliniita Mama Buti, maana buti langu la kushoto lilikuwa linalia kila nikikanyaga. Mpaka leo nikipita sokoni kuna majitu yenye ndevu yananiamkia kwa jina hilo.

Shikamoo Afande. Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Utoro umezidi, na vijana wa kidato cha tatu wanavuta bangi nyuma ya vyoo. Nimemwomba mkaguzi wa polisi wa kata yetu aje mstarini na pingu awatishe, ikibidi aondoke na wawili wakalale kituoni usiku mmoja. Amekataa. Anasema atakuja, ila "kuongea tu". Sasa kazi yake ni nini? — Mwalimu Niliyechoka

Marahaba, Mwalimu, na pole na kazi. Huyo mkaguzi wenu mshikeni, msikubali ahamishwe.

Naomba nikusimulie aibu yangu. Mwaka 2006, mkuu wetu wa polisi nchini, IGP Said Mwema, alipoliingiza Jeshi kwenye Polisi Jamii, wengi wetu tulicheka pembeni. Tulizoea raia atufuate kaunta, leo tunaambiwa tumfuate sisi, tukae naye kwenye benchi, tumuulize usiku alilalaje. Kichwani nilikuwa bado polisi wa zamani nilipopangiwa kata. Mwaliko wangu wa kwanza ulitoka shule moja ya msingi, na mwalimu mkuu aliniomba hicho hicho unachokiomba wewe.

Nikaenda. Jumatatu, bendera imepanda, watoto zaidi ya mia tisa wamepangwa kwenye vumbi. Nikamwita mbele mtoro sugu wa shule, mvulana wa darasa la sita, kaptula ameifunga kwa kamba ya kiroba. Nikamvisha pingu. Zile pingu zimetengenezwa kwa mikono ya watu wazima. Aliposhusha mikono zikamtoka zenyewe, zikadondoka chini, kwaa! Shule nzima ikaangua kicheko. Walimu wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye aliziokota akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyofundishwa mtoto kumpa mkubwa kitu.

Utoro ulipungua wiki mbili, ukarudi pale pale.

Miezi minne baadaye tulimkamata mtu aliyekuwa anasambaza kete za bangi nyuma ya soko kwa kutumia watoto. Alikuwa anawapa soda na mia tano. Kumbe yule wa kaptula alikuwa anamjua mtu huyo tangu mwanzo, na alishawahi kuitwa abebe mzigo akakataa. Asubuhi alikuwa anashusha ndizi kwenye malori ili mdogo wake apate chai, kwa sababu mama yao alikuwa amelazwa. Ndiyo utoro wenyewe huo. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu?" Akatazama kiunoni kwangu, akasema, "Nilijua utanivisha tena."

Kwa dakika tano za kuwafurahisha walimu, nilipoteza miezi minne ya taarifa. Tangu siku hiyo pingu zangu zilikuwa zinabaki kituoni nikienda shule.

Sasa tuje kwako. Bangi haioti nyuma ya choo, Mwalimu. Kuna mtu anaiuza, na anauza karibu, kwa sababu mwanafunzi hana nauli ya kuifuata mbali. Kazi ya mkaguzi ni huyo muuzaji. Kazi yako ni mwanafunzi. Mkibadilishana, wewe ukaanza kufukuzana na wauza bangi na yeye akaanza kuchapa watoro, kazi zote mbili zitaharibika. Mwache aje aongee. Akiulizwa maswali ya kijinga na wanafunzi wakacheka, mwache acheke nao. Kwenye ziara ya tatu au ya nne, kuna mmoja atabaki nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Huyo ndiye ambaye mkaguzi alimfuata.

Jambo jingine, chukua daftari lako la mahudhurio ukae naye mezani. Sisi tulipofanya hivyo katika sekondari moja, tuliona majina yale yale yanakosekana Jumanne na Ijumaa. Hizo zilikuwa siku za gulio. Hatukuhitaji hotuba. Tulikwenda guliani na Mtendaji wa Kata, tukaongea na waliokuwa wanawapa vijana vibarua saa za masomo, na wazazi wakaitwa ofisini kwa Mtendaji, kwa sababu kwenye utoro sheria humuuliza mzazi kabla ya mtoto.

Na hilo la kulala kituoni usiku mmoja lifute kabisa. Mahabusu utamkuta mwizi wa pikipiki mwenye hadithi tamu kuliko somo lolote la kwenye ratiba yako.

Afande, mimi ni baba wa watoto watatu, Tabora. Kijana wangu wa miaka 14 hanisikii. Je, naweza kumpeleka kituoni askari wamchape kidogo kisha nimrudishe nyumbani?

Hapana.

Nimeulizwa swali hili mara nyingi sana uso kwa uso, tena mzazi kashika fimbo yake mwenyewe mkononi, kanyoa vizuri, kaniletea. Polisi hana mamlaka ya kumchapa mtoto wa mtu. Hata shuleni, ambako kanuni zinaruhusu kiboko, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kituoni hakuna kitabu hicho. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, bure, ukae naye wewe kwanza kabla ya kijana.

Shikamoo Mama. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha pili, Gongo la Mboto. Makonda wanatukataa asubuhi kwa sababu nauli yetu ni 200. Wanapakia watu wazima, sisi wanachukua wawili tu au wanatusukuma mlangoni. Tunafika shule tumechelewa tunapigishwa magoti. Tumeambiwa tumwambie polisi kata lakini yeye si trafiki. — Wanne tunaokaa mtaa mmoja

Marahaba, wanangu. Nimefurahi mmeandika wanne, maana kwenye jambo hili wanne ni bora kuliko mmoja.

Si trafiki, kweli, lakini ana simu ya trafiki. Mwambieni. Na mkimwambia msiseme "makonda wanatunyanyasa", hiyo haifanyiwi kazi. Mwambieni kituo gani, saa ngapi, gari namba gani. Andikeni kwa wiki moja kwenye karatasi, mpeni mwalimu wenu wa zamu nakala na mkaguzi nakala. Karatasi kama hiyo ndiyo inayokwenda LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ikasikilizwa.

Nawaambia nilichokiona. Nilisimama kituo cha daladala siku kumi na moja, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na sare. Siku ya kwanza na ya pili wanafunzi wote walipanda, makonda wananiita "mama karibu, mama karibu". Siku nisipokuwepo, hali ile ile. Basi nikaacha kusimama, nikaanza kukaa na madereva. Konda hana roho mbaya kiasi mnachodhani, ana hesabu ya tajiri. Jioni anatakiwa kupeleka fedha yote, na kila kiti anachokaa mwanafunzi anakiona kama kitobo mfukoni. Tulikubaliana na viongozi wao wa kituo kwamba kila gari linalopakia alfajiri libebe wanafunzi, si gari la kwanza libebe wote na la pili lijifanye halioni. Mzigo ukigawanywa haumuumizi mmoja. Trafiki akaja mara mbili tatu kuwakumbusha wachache waliokaidi. Haikuisha kabisa, ila magoti yalipungua. Na walimu nao niliwaambia: mtoto aliyeachwa na magari matano msimpigishe magoti, mpeni daftari aingie darasani.

Sasa hili lifuatalo nawaambia wasichana, na wavulana msikilize. Sikukaa kituoni siku zote hizo kwa ajili ya kuchelewa namba. Nilikaa kwa sababu nilijua nani anapita pale saa moja na nusu, wakati daladala zimewaacha na mwalimu anasubiri getini na fimbo. Anapita bodaboda: "Dada, panda tu, utanilipa siku nyingine." Kesi nilizozishika dawatini, kadhaa zilianza na lifti ya asubuhi. Lifti wiki ya kwanza, chipsi wiki ya pili, simu ndogo mwezi wa pili. Kwa hiyo mtu akiniambia suala la nauli ya wanafunzi ni la usafiri tu, namtazama.

Nao bodaboda nilikuwa nawafuata kijiweni kwao. Nakaa kwenye benchi, nakunywa kahawa na kashata kama wao, kisha nawasomea: aliye chini ya miaka 18, hata akisema amekubali, sheria inaita kubaka, na kifungo hakishuki chini ya miaka 30. Kumpa mimba mwanafunzi au kumwoa, 30 pia, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016. Mara ya kwanza kulikuwa kimya mpaka unasikia jiko la kahawa. Kijana mmoja akauliza, "Hata kama ni mrefu?" Hata kama ni mrefu, mwanangu. Kijiwe hicho hicho baadaye ndicho kilichonipigia simu kuhusu mwenzao.

Afande shikamoo. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Jioni alikuwa kijiweni na wenzake, bado na sare, wakachukuliwa wote na doria. Nilipata habari kwa jirani saa tatu usiku. Kituoni nimeambiwa nisubiri, kisha askari mmoja akaniambia "mama jiongeze". Nilitoa 30,000 nikamchukua. Hakupewa kosa. Je, ni haki? Na je, nikimlalamikia polisi, mtoto atawindwa? — Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mama. Si haki. Hiyo "jiongeze" inanichoma, kwa sababu nimeisikia ikisemwa na watu niliokula nao ugali. Dhamana ni bure. Limebandikwa tangazo ukutani kwenye vituo vingi, na mara nyingine anayekudai amekaa chini ya tangazo lenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Akikamatwa, wewe mzazi unatakiwa ujulishwe na polisi, si jirani. Asichanganywe na watu wazima mahabusu. Asihojiwe peke yake bila mzazi, ndugu au afisa ustawi. Mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana yako, isipokuwa kosa liwe la kuua au jingine zito la namna hiyo, au kumwachia kuwe ni kumrudisha kwenye hatari. Na akifika mahakamani, ni Mahakama ya Watoto, watu wa mtaani hawaingii kusikiliza, na hata akikutwa na hatia hafungwi jela.

Ukifika kaunta siku nyingine (Mungu aepushe), uliza maneno matatu kwa upole na kwa sauti inayosikika: "Kosa lake nini? Limeandikwa namba ngapi? Mkuu wa kituo yuko wapi?" Usipige kelele. Askari wa zamu aliyechoka anapenda mtu anayepiga kelele, kwa sababu anapata sababu ya kuacha kumjibu. Mtu mpole mwenye daftari anamtia wasiwasi zaidi. Andika saa uliyofika na saa uliyoondoka.

Kuhusu kulalamika: usianze na mitandao. Anza na mkuu wa kituo, mchana, ukiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako. Ukiona huna jibu, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Kama unaogopa kwenda peke yako, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, hawatozi, wanaweza kukuandikia barua. Kuhusu kuwindwa sitakudanganya kwamba hofu yako ni ya bure. Ndiyo maana nakwambia nenda na mwenyekiti. Malalamiko yenye shahidi ni mazito kuyafuta, na mtoto aliyefahamika kwa jina na mkuu wa kituo si rahisi kuchezewa na askari wa doria.

Ila na mimi nina swali kwako. Saa tatu usiku ulikuwa bado hujui mtoto wa shule yuko wapi, na sare bado mwilini. Doria walikosea kwa namna walivyofanya. Kijiwe chenyewe unakijua?

Mkaguzi wa kata yenu anatakiwa akijue. Katika kata yangu tulikuwa na vijiwe vya aina mbili. Kuna cha kubishana Simba na Yanga, hicho ukikivunja unawahamishia vijana gizani bure. Na kuna kile ambacho watu wazima wawili watatu wasio na kazi inayoeleweka hukaa katikati ya watoto. Doria inayobeba vijiwe vyote kwenye gari moja haijui kata yake, na hapo ndipo ninapowagombeza wenzangu.

Afande, mimi ni mwalimu wa malezi, shule ya msingi, Kanda ya Ziwa. Mwanafunzi wa darasa la tano ameniambia kwamba ndugu mmoja anayeishi kwao anamfanyia mambo mabaya usiku. Ameniomba nisimwambie mtu. Familia inaheshimika sana. Uongozi wa shule unashauri tuwaite wazazi kwanza tuyamalize taratibu. Nimekosa usingizi.

Mwalimu, barua hii mhariri alinipigia simu saa ile ile, na umeshapata ujumbe wetu. Ninaijibu hapa kwa ajili ya walimu wengine waliokosa usingizi.

Usimwite mzazi kwanza. Anayetuhumiwa analala nyumba hiyo hiyo. Ukipeleka habari jioni, asubuhi mtoto amepelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine, na wewe umebaki na jina kwenye daftari. Nimeshuhudia. Mtoto anahamishwa, mbuzi anachinjwa, fedha zinapita mkono kwa mkono, na shahidi pekee yuko kijijini anachunga. Huko ndiko "kuyamaliza", na aliyemalizwa ni mtoto.

Usimwahidi siri. Mwambie ukweli kwa lugha yake: "Nitawaambia watu wawili ambao kazi yao ni kukulinda." Usimhoji tena na tena, wala usimwite mwalimu mwingine naye asikie. Sikiliza mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, usiyasafishe. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Ongea na afisa ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto, shule yenu ina mkaguzi wa kata wa kuwaunganisha. Kama jambo limetokea siku hizo hizo, hospitali kwanza, nguo zisifuliwe. Mtu asiwaambie mtoto hatibiwi mpaka fomu namba tatu ya polisi iletwe. Atibiwe, fomu itafuata. Hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono ndiyo nzuri zaidi, daktari, polisi na ustawi mnawakuta mahali pamoja, mtoto harudii hadithi yake milango minne.

Kwa nini nasisitiza dawati na si kaunta? Kaunta ya kituo changu ilikuwa inanifika mimi kifuani. Siku moja nimeinama naandika, nasikia "shikamoo", natazama simwoni mtu. Nilisogea mbele ndipo nikaona utepe mweupe wa nywele. Binti wa darasa la tatu, amekuja peke yake, na pembeni yake wanaume wanne wanagombania ajali ya bajaji. Alinitazama, akawatazama wale, akasema amekuja kuulizia saa ngapi. Nikamwambia saa. Akaondoka. Ilinichukua siku tatu kumpata tena, na hapo nilimpata kwa msaada wa mama muuza mihogo wa getini kwao, aliyemjua kwa utepe. Dawatini tulikuwa na chumba chenye mlango unaofungwa, mkeka, na kalamu za rangi zilizopungua kila wiki. Hatukuwahi kumuuliza mtoto kalamu imekwenda wapi.

Jambo Afande! Mimi ni mkaguzi msaidizi, nimepangiwa kata moja mkoani Njombe mwezi uliopita. Nina shule saba, pikipiki moja isiyo na mafuta ya uhakika, na mkuu wangu anataka taarifa ya "ushirikishwaji wa vijana" kila mwisho wa mwezi. Nianzie wapi? — Kijana wako

Jambo, kijana wangu. Anzia kwenye shule ambayo haijakuita. Iliyokuita ina shida na inataka uimalizie shida hiyo. Isiyokuita itakupokea bila kujua uje kufanya nini, na hapo ndipo utakapoona mambo. Shule saba kwa miguu na baridi la huko haiwezekani kwa wiki, kwa hiyo panga mbili kwa wiki, na siku utakayosema ndiyo hiyo hiyo uende. Ukikosa mara mbili, watoto wanakuweka kundi la wageni rasmi.

Usifike ofisini kwa mwalimu mkuu moja kwa moja. Salimia mlinzi wa shule, yeye ndiye anayejua ukuta umebomoka wapi na nani anapita hapo. Kisha nunua mhogo au andazi la mama wa getini. Nunua kweli, ulipe, usikubali cha bure hata cha mia. Nilijifunza zaidi pale kuliko kwenye vikao vyote vya kamati ya ulinzi na usalama ya kata.

Utaletewa wazo la kombe la mpira. Linaletwa kila mahali: jezi, fainali, picha na viongozi, mbuzi kwa mshindi. Mimi silipingi, ila fainali haikunisaidia chochote. Mazoezi ndiyo yalinisaidia, zile jioni za vumbi ambapo unakaa kwenye tofali, unashika saa, na beki wa kulia aliyetolewa nje anakaa karibu nawe kwa hasira na kuanza kuongea. Na usisahau wasichana, kombe nyingi zinawasahau. Mimi niliomba netiboli, nikapewa mpira mmoja na goli moja. Tulicheza hivyo hivyo, timu zinapokezana goli.

Jambo moja sitaniani nawe. Mtoto akikuletea habari, msikilize, mshukuru, ishia hapo. Usimtume akakuletee nyingine. Nimeona askari wazuri wakigeuza wanafunzi kuwa macho yao mtaani, na mtaa unajua ndani ya siku mbili. Ukitaka habari zaidi, nenda wewe, una mshahara wa kazi hiyo. Na ulinzi shirikishi wa usiku usiwaguse walio shuleni, hata wakiomba, hata wakiwa na miraba minne.

Kuhusu taarifa ya mwezi, mkuu wako anataka idadi. Mpe idadi: ziara ngapi, wanafunzi wangapi. Halafu uwe na daftari lako jingine, la kurasa 96 la dukani, uandike yasiyo na safu kwenye fomu: nani hakucheka leo, nani ana viatu vipya ghafla, gari gani limeegeshwa karibu na kisima saa za kutoka. Usiandike majina kamili ya watoto humo, daftari hupotea.

Na ukipewa buti linalolia, usihangaike nalo. La kwangu nililipeleka kwa fundi mara moja, akalipiga gundi na misumari miwili, likanyamaza. Wiki hiyo hiyo watoto wa darasa la nne waliniletea malalamiko rasmi, wamemtuma kiranja wao: wanataka kujua kwa nini siku hizi nawanyatia.